Andiko la mradi wa programu huria: msomaji wake anatafuta nini

Kila mwaka, dirisha la maombi ya Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa posho wanaoanza kuchangia programu huria, likikaribia kufunguliwa, maswali huwa yaleyale. Je, ni Google wanaosoma andiko langu? Nikiandika kurasa ishirini nitamshinda aliyeandika tano? Lazima nibuni kitu ambacho hakijawahi kuwepo? Mwanafunzi mwenye uwezo mzuri tu hujikuta ameganda mbele ya orodha ya miradi, hajui aanzie wapi, na wiki zinakatika.

Wengi huliandika andiko la mradi kama jibu la mtihani, na wengine kama barua ya kuomba ajira. Anayelisoma, kwa upande wake, analichukulia kama mpango wa kazi atakayokaa nayo kwa miezi kadhaa, na msimbo atakaoutunza miaka mingi baada yako kuondoka. Nimeona ni vyema kulifafanua jambo hili kwa utulivu, maana wanaoangushwa nalo mara nyingi si wale wasiojua kuandika programu.

Tuanze na maneno. Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani yale maelekezo aliyoyaandika mtengenezaji, uko wazi chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Neno "huria" linahusu ruhusa hiyo. Bei ni habari nyingine: zipo programu nyingi za bure ambazo msimbo wake umefungwa kabisa, na hizo haziitwi huria.

Hapa ninazungumzia programu za kompyuta za mezani na za mpakato, zile unazozisakinisha kwenye mashine yako na zikafunguka katika dirisha lake: LibreOffice ya nyaraka, GIMP na Krita za picha na michoro, VLC ya video, Blender, Inkscape. Yamo pia mazingira mazima ya kazi kama KDE na GNOME, ambayo humpa mtumiaji wa Linux menyu, madirisha na namna ya kupanga mafaili yake.

Mtunzaji ni mtu mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa mabadiliko katika msimbo wa programu. Mlezi ndiye atakayekuongoza ukichaguliwa. Aghalabu huwa ni mtu yuleyule, na wengi wao kazi hii huifanya kwa kujitolea, jioni, wakishatoka kwenye ajira zao. Ukilikumbuka hilo unapoandika, utaandika tofauti.

Sasa, nani anaamua? Katika Google Summer of Code, mpango ulioanza mwaka 2005, Google huchagua mashirika yatakayoshiriki na kulipa posho, ambayo kiwango chake hutegemea nchi unayoishi. Andiko lako linasomwa na shirika lenyewe, yaani watunzaji wa programu husika. Wao ndio wanaoyapanga maandiko kwa ubora na kuomba idadi ya nafasi wanazozihitaji, kisha Google inawaambia wamepata ngapi. Ndiyo maana andiko zuri linaweza kukosa nafasi: huenda shirika liliomba sita likapewa nne. Tangu mwaka 2022 mpango huu si wa wanafunzi pekee tena. Anayeanza safari ya programu huria, akiwa na umri wa miaka 18 au zaidi, anaweza kuomba. Unaruhusiwa kuwasilisha hadi maandiko matatu, ingawa utakubaliwa kwa moja tu.

Ipo mipango mingine. Outreachy, ambayo mizizi yake ni jitihada za GNOME za mwaka 2006 za kuwavuta wanawake katika kazi hii, hutoa mafunzo ya miezi mitatu yenye posho. Season of KDE haina posho, na kwa sababu hiyo watu huidharau, jambo ninaloona ni kosa kubwa: ni mahali pazuri pa kujifunza kuandika andiko na kulitekeleza. Tusisahau pia kwamba kazi za wanafunzi zimezaa programu kubwa katika uwanja huu. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Hata GTK, zana ambayo GNOME hutumia kuchora madirisha na vitufe vyake, ilizaliwa kwa ajili ya GIMP kwanza.

Chumba kipya, nyumba ina watu

Kuongeza kipengele katika programu ya aina hii ni sawa na kuongeza chumba kwenye nyumba ambayo watu wanaishi. Huwezi kubomoa ukuta leo ukasema utarudi wiki ijayo. Maji yaendelee kutoka, mlango wa mbele uendelee kufunguka, na aliyezoea kutafuta swichi ya taa gizani aikute palepale.

Darasani tunafundishwa zaidi kujenga kibanda kipya kwenye kiwanja kitupu. Unaanza na faili tupu, unamaliza, unasahihishiwa, basi. Hali kadhalika, aliyezoea kutengeneza tovuti ana faraja moja asiyoijua: akikosea, anarekebisha upande wake na kila mtu anapata marekebisho papo hapo. Programu iliyosakinishwa haina huruma hiyo. Toleo lenye kasoro linabaki kwenye mashine za watu mpaka wenyewe wasakinishe jipya, na wapo wanaokaa na toleo moja miaka na miaka.

Mafaili ndiyo mzigo mzito zaidi. Ukibadilisha namna programu inavyohifadhi waraka, toleo jipya lazima bado lifungue nyaraka za miaka kumi iliyopita, na ungependa toleo la zamani lisianguke likikutana na waraka mpya. Ongeza hapo kwamba programu hiyohiyo huenda inatumika kwenye Linux, Windows na macOS, kwenye skrini ndogo na kubwa, na watu wanaoiendesha kwa kibodi peke yake, na watu wasioona wanaosomewa kiolesura, yaani vitufe na maandishi ya kwenye skrini, kwa sauti. Andiko linaloonyesha kwamba mwandishi wake ameyafikiria haya, hata kwa aya moja tu, hutofautiana na mengine mara moja.

Wazo dogo, tulifungue

Maelezo matupu hayatoshi, kwa hiyo tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Tuseme kuna programu ya kuchorea ambayo haihifadhi kazi yenyewe. Ikijifunga ghafla, mchoro wa saa mbili umekwenda. Mwombaji anaandika: "Nitaongeza uhifadhi wa kiotomatiki. Mtumiaji hatapoteza kazi yake tena. Nitatumia lugha ya C++ na Qt, zana ya kuchora madirisha."

Mtunzaji akizisoma sentensi hizo, maswali yanaanza kumjia. Nakala ya dharura itawekwa wapi? Ikiandikwa juu ya faili la mtumiaji mwenyewe, basi mtu aliyefungua mchoro wa zamani akajaribu rangi mbili tatu ili aone tu zinavyokaa, atakuta mchoro wake wa asili umefutika bila ridhaa yake. Bora iwekwe pembeni. Haya, mchoro mpya ambao haujapewa jina je? Hauna folda, hauna jina la kuazima.

Kisha kuna suala la muda. Kuhifadhi mchoro mkubwa kunaweza kuchukua sekunde kadhaa. Je, kalamu itaganda mkononi mwa mchoraji kila baada ya dakika tano? Kama hapana, uhifadhi ufanyike chinichini huku mchoraji anaendelea. Lakini hapo programu inanakili kitu ambacho wakati huohuo kinabadilika, na hitilafu za namna hiyo ni miongoni mwa zile ngumu kabisa kuzikamata. Umeme ukikatika katikati ya kuandika nakala je? Tusipokuwa waangalifu, nakala nusu itakuwa imeshaifuta ile nzima iliyotangulia. Dawa yake inajulikana: andika kwanza faili jipya la muda, na likishakamilika ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Na programu ikifunguliwa tena baada ya ajali, mtumiaji ataulizwa nini, kwa maneno gani? Akibofya "Hapana" kwa bahati mbaya, nakala inafutwa palepale?

Mwombaji wa pili, mwenye wazo lilelile, anaandika hivi: "Awamu ya kwanza ni nakala ya dharura kwa michoro iliyokwisha kupewa jina, itakayoandikwa kwenye folda ya pembeni kila dakika tano bila kugusa faili la mtumiaji. Awamu ya pili ni kidirisha cha kurejesha kazi baada ya programu kujifunga ghafla. Awamu ya tatu, muda ukiruhusu, ni michoro isiyo na jina. Sitashughulikia historia ya matoleo ya mchoro wala kuhifadhi kwenye intaneti. Nimesoma sehemu ya msimbo inayohifadhi mafaili. Kwa sasa kazi yote inapita kwenye mkondo uleule wa kazi (thread) unaochora dirisha, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo nitazitumia kuitenganisha."

Huyu hajaahidi zaidi ya mwenzake. Kwa kweli ameahidi kidogo zaidi. Ila msomaji sasa anaiona kazi, anajua itaanzia wapi, na anajua kwamba mwombaji ameshaingia ndani ya msimbo akakuta ugumu ulipojificha. Sentensi ninayoithamini kuliko zote hapo ni ile inayoanza na "Sitashughulikia". Waombaji wengi huiogopa, wakidhani itawafanya waonekane wavivu. Kumbe humpa mtunzaji usingizi, kwa sababu mradi usio na mipaka ndio unaofika wiki ya kumi ukiwa na vipande vitano vilivyoanzwa na hakuna hata kimoja kilichokwisha.

Tazama pia awamu zilivyokatwa. Mwombaji akiugua au akiondoka baada ya awamu ya kwanza, programu itabaki na kitu kinachofanya kazi. Huo ndio wasiwasi mkubwa wa mtunzaji, hata asipouandika popote: kuachiwa msimbo nusu, usiotumika na usiofutika. Panga kazi yako ili kila awamu iwe na faida hata zinazofuata zisipofika.

Kazi inayotangulia uandishi

Utaupata wapi ujuzi wa kuandika sentensi kama zile za mwombaji wa pili? Haupatikani kwa kusoma maelezo ya mradi mara tano. Chukua msimbo wa programu, uijenge (yaani uugeuze msimbo uwe programu inayofunguka) kwenye mashine yako mwenyewe, na uiendeshe. Katika programu kubwa, hatua hiyo peke yake inaweza kukula siku mbili tatu, kwa sababu ya maktaba zinazokosekana, yaani vipande vya msimbo wa wengine ambavyo programu inavitegemea, na matoleo yasiyopatana. Usikate tamaa wala usione aibu. Kila mtu aliyemo humo alipitia hapo.

Ikishafunguka, tafuta kasoro ndogo uirekebishe. Mashirika mengi huzitenga kasoro za wanaoanza. LibreOffice, kwa mfano, huziita Easy Hacks. Rekebisho la mistari mitatu litakufundisha jinsi ya kuandika maelezo ya badiliko, nani hukagua sehemu gani, ukaguzi huchukua siku ngapi, na watu wa mradi huo huzungumza vipi. Baadhi ya mashirika hayalipokei andiko la mtu ambaye hajachangia chochote, na Outreachy huweka kabisa kipindi cha kuchangia ndani ya muda wa maombi.

Halafu zungumza na mlezi mtarajiwa mapema, na uzungumze kwenye jukwaa la wazi la mradi, si kwa faragha. Ujumbe wa "Habari, mimi ni mwanafunzi, nataka kushiriki, nifanye nini?" hupokelewa kwa makumi kila msimu, na hauna cha kujibika. Linganisha na huu: "Nimejenga programu, nimefuata faili linalohifadhi michoro, naona uhifadhi unasimamisha dirisha. Je, mlishawahi kujaribu kuutenganisha?" Ujumbe wa namna hiyo hupata jibu, na jibu lenyewe huingia moja kwa moja kwenye andiko. Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba walishajaribu na wakaacha kwa sababu fulani, na hapo utakuwa umeokoa miezi mitatu yako.

Ratiba

Hapa tupige hesabu. Miradi ya Google Summer of Code ina ukubwa wa saa 90, 175 au 350. Mradi wa saa 175 kwa wiki 12 ni takriban saa 15 kwa wiki. Ule wa saa 350 kwa wiki hizohizo ni saa 29, yaani karibu theluthi moja ya saa zako zote za mchana, wikendi zikiwemo. Kama una mitihani ya wiki mbili katikati, iandike. Mlezi hawezi kuukataa mtihani, ila atakereka ukitoweka bila taarifa. Ratiba inaweza kurefushwa kwa makubaliano, hata kufika wiki 22, na ni heri kuliomba hilo mwanzoni.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kalenda ya programu yenyewe. GNOME hutoa toleo kila Machi na Septemba. LibreOffice, Februari na Agosti. Wiki kadhaa kabla ya toleo, milango hufungwa: kwanza hakuna kipengele kipya kinachoruhusiwa, kisha hakuna hata sentensi mpya kwenye kiolesura, kwa sababu wafasiri wa lugha nyingi wanahitaji muda wa kuzitafsiri. Ukipanga kumaliza kidirisha chako wiki moja baada ya mlango kufungwa, kazi yako itasubiri nusu mwaka. Tafuta tarehe hizo uziweke kwenye ratiba yako.

Ukaguzi nao unakula muda. Badiliko la mistari mia mbili hukaguliwa jioni moja, lakini la mistari elfu mbili huahirishwa na kuahirishwa, maana hakuna mwenye jioni nne mfululizo. Kwa hiyo andika kwamba utawasilisha vipande vidogo tangu wiki ya pili au ya tatu, na majaribio na maelezo ya matumizi yatakwenda pamoja na kila kipande. Ratiba inayoweka "wiki ya 12: majaribio na nyaraka" humwambia msomaji mzoefu kwamba hayo mawili hayatafanyika. Acha pia wiki moja tupu katikati na nyingine karibu na mwisho. Zitajaa zenyewe.

Yasemwayo mitaani

Kwamba andiko refu hushinda: hapana. Aya inayoeleza historia ya Linux au sifa za lugha ya C++ inarukwa, kwani anayesoma anazijua. Kurasa chache zenye mambo mahususi zinatosha.

Kwamba lazima uje na wazo lako: orodha za mashirika zipo kwa sababu mawazo yale yana walezi tayari. Wazo lako mwenyewe linakubalika, lakini kwanza upate mtu ndani ya mradi aliye tayari kulilea, la sivyo hata likiwa zuri halina pa kukaa.

Kwamba Kiingereza chako lazima kiwe cha kifahari, kwa kuwa maandiko haya huandikwa kwa lugha hiyo: sentensi fupi zilizonyooka ndizo zinazopendwa, na wasomaji wengi wenyewe si wazawa wa Kiingereza.

Kuhusu akili unde, nitakuwa mkali kidogo. Ukimwachia mtambo akuandikie andiko, utapata yale maneno laini ya mwombaji wetu wa kwanza, marefu zaidi tu, na watunzaji wameshayasoma mengi mno kiasi cha kuyatambua kwa aya moja. Mashirika mengi sasa yana kanuni zake kuhusu hili. Zisome na uzifuate. Na hata pale inaporuhusiwa kukusaidia lugha, maswali ya folda, kalamu iliyoganda na umeme uliokatika hayana budi yawe yametoka kwako, kwa sababu ni wewe utakayeulizwa.

Sehemu ya "kuhusu mimi" haihitaji zaidi ya nusu ukurasa: unasoma nini, umewahi kutengeneza nini, viungo vya marekebisho uliyokwisha kuyawasilisha, saa unazopatikana. Andiko likikamilika, mpe mlezi rasimu angalau wiki moja kabla ya siku ya mwisho, ukubali aweke alama pembeni, urekebishe. Google Summer of Code hupokea andiko likiwa PDF, na unaweza kulibadilisha kwa toleo jipya hadi dirisha lifungwe. Kwa hiyo pakia hata lililo na mapungufu mapema, kisha endelea kuliboresha. Dirisha likishafungwa, walezi hawana namna ya kulipokea, hata wangetaka.